Kitabu Gani Kisomwe Chamani?

Katika vyama vya kusoma vya shule hutokea jambo la kusikitisha. Kitabu kizuri huchaguliwa, wanachama hukisoma chote, na siku ya mkutano kila mmoja husema, "Kitabu hiki kina mafunzo mengi." Kisha kimya. Mkutano wa pili nusu ya viti huwa vitupu. Mara nyingi kosa si la wanachama, ila ni la uchaguzi. Kitabu kizuri cha kusoma peke yako si lazima kifae kuzungumzwa na wengi.

Tutwae mfano. Kusadikika, kitabu cha Shaaban Robert kilichotolewa mwaka 1951, ni fahari ya lugha yetu. Lakini Karama, anayeshtakiwa mbele ya mfalme kwa kufundisha uanasheria, ni mtu mwema, na Majivuno, mshtaki wake, jina lake latosha. Wasomaji wote husimama upande mmoja. Atakaye kukitumia chamani sharti atafute swali gumu: je, wajumbe waliorudi na habari za manufaa wakatiwa gerezani, wangeweza kusema na wakubwa kwa njia nyingine?

Sasa tutazame Kinjeketile, mchezo wa kuigiza wa Ebrahim Hussein uliotolewa mwaka 1969, juu ya Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907. Kinjeketile awapa watu maji, nao waungana kwa kuyaamini. Baadaye yeye mwenyewe aingiwa na shaka. Mwishoni, akiwa mfungwa, atakiwa akiri kuwa maji yalikuwa uongo, akataa. Je, ni shujaa, au aliwaponza watu wake? Hapa wenye busara watagawanyika, na kila upande utapata ushahidi wake kitabuni.

Kwetu sisi wa Masasi na Newala swali hilo lina uzito zaidi, kwani vita vile vilifika huku, na mwaka 1905 misheni ya Masasi ilichomwa moto. Mwanafunzi aweza kuwauliza wazee nyumbani walisimuliwa nini, kisha akalinganisha na mchezo, akikumbuka kuwa mwandishi alibuni na hakuandika historia tupu.

Mchezo una faida nyingine: vitabu vikiwa vichache, wanachama hugawana sehemu wakasoma kwa sauti.

Basi, kabla ya kuchagua, mwanachama mmoja akisome kitabu na kuandika swali moja. Wote wakilijibu namna moja, litafutwe swali jingine; likikosekana, kitabu kisomwe kwa furaha nyumbani. Na mkutanoni kila asemaye aonyeshe ukurasa.

Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Kijana aliyezoea kupingana na rafiki yake juu ya Kinjeketile, kisha wakarudi bwenini pamoja bila kinyongo, atajua kuketi katika mkutano wa kijiji akasema lake na kusikiliza la mwenzake.