Filimbi Inapopiga Mayowe

Mama mmoja alinisimamisha sokoni mwaka uliopita, kikapu mkononi, uso umekunjika. "Mwalimu, hizi filimbi mlizotununulisha ni za kazi gani? Tangu Jumatatu mbuzi wangu hawalali." Nilicheka, naye akacheka, lakini swali lake lilinifuata hadi nyumbani. Nimefundisha muziki na kuwafunza walimu wa muziki kwa zaidi ya miaka ishirini hapa Kenya, na kila filimbi mpya zinapofika nasikia mayowe yaleyale nikipita nje ya darasa la Gredi ya 4: watoto hamsini na kitu, kila mmoja na rekoda yake ya plastiki, wote wanapuliza kama wanaowasha jiko la kuni mbichi.

Filimbi yenyewe haina kosa. Mkono wa kushoto hukaa juu. Kidole gumba huziba tundu la nyuma, kidole cha shahada huziba tundu la kwanza la mbele, na hapo unapata noti ya B. Ongeza kidole cha kati, ni A. Ongeza cha pete, ni G. Kwa noti hizo tatu mtoto tayari ana nyimbo kadhaa. Mayowe huletwa na mambo mawili: pumzi nyingi mno, au tundu ambalo halikuzibwa sawasawa. Pumzi inayotakiwa ni ile ya kupoza uji kwenye kijiko bila kuumwaga. Mtoto aliyezoeshwa kusikiliza hugundua hayo mwenyewe haraka, maana sikio lake linamwambia "hapana, punguza." Asiyezoeshwa atapuliza vivyo hivyo hadi Gredi ya 6. Na kusikiliza kulipaswa kufundishwa miaka mitatu kabla mzazi hajaombwa pesa za filimbi.

Mkwezi hukata vidato kwenye mnazi kuanzia chini. Akiacha nafasi ya vidato vitatu katikati, makuti na madafu ataendelea kuyaona akiwa pale pale ardhini. Muziki na sanaa katika shule zetu za umma vina mnazi wa namna hiyo. Vidato vya chini vipo, cha juu kabisa kimechongwa juzi, na katikati kuna shina tupu.

Tuanze chini. Mtoto wa miaka sita anapoingia Gredi ya 1 hahitaji kujua jina la noti yoyote. Anahitaji kutofautisha vitu viwili ambavyo watu wazima wengi huvichanganya: pigo na mdundo. Pigo ni ule mwendo usiobadilika, kama hatua za mtu anayetembea bila haraka. Mdundo ni yale yanayotokea juu ya hatua hizo. Mimi huwafundisha walimu kutumia kifungua kinywa. Darasa zima linatembea papo hapo, kushoto, kulia, kushoto, kulia. Juu ya kila hatua wanatamka "chai": silabi mbili kwa hatua moja. Kisha, bila kubadili mwendo wa miguu, wanatamka "maandazi": silabi nne kwa hatua ileile. Nusu ya darasa wabaki na chai, nusu wachukue maandazi, halafu wabadilishane. Mara ya kwanza wale wa maandazi hukimbiza miguu ili ifuate mdomo, na hapo ndipo mwalimu anapoona nani hajashika pigo. Wiki mbili baadaye miguu imetulia. Mtoto huyo akifika gredi za juu na kuonyeshwa noti nne zilizounganishwa kwa mistari miwili, huhitaji kumwambia kila moja ni robo ya pigo. Mwulize tu. Atakwambia, "Hiyo ni maandazi."

Baada ya pigo huja sauti. Hapa tuna bahati ambayo hatuitumii. John Curwen, mchungaji Mwingereza wa karne ya 19, aliieneza solfa ili waumini wa kawaida, wasio na ala wala pesa za mwalimu, waweze kuimba wakiwa na karatasi. Wamishonari wakaileta Afrika, na hadi leo kuna nyanya katika kwaya za makanisa yetu anayesoma do, re, mi kwa wepesi kuliko mjukuu wake anavyosoma jumbe za simu. Zoltán Kodály wa Hungaria na wanafunzi wake walichukua ishara za mikono za Curwen, wakazichanganya na nyimbo za vijiji vyao, na kujenga mfumo wa shule unaosifiwa duniani kote. Sisi tulikuwa na solfa na nyimbo za vijiji muda wote huo. Nyimbo nyingi za watoto wetu zina sauti tano tu, bila fa wala ti, na kwa mwanafunzi hilo ni jambo zuri sana: kwa sauti hizo tano mtoto anaweza kubuni wimbo wake na usigongane na wa mwenzake.

Kwenye kuchora mambo huenda kwa njia nyingine, lakini yanafika kwenye shina tupu lilelile. Mtoto wa chekechea huchora bila woga. Kichwa kikubwa, miguu inayotoka kidevuni, jua lenye macho. Viktor Lowenfeld, mzaliwa wa Austria aliyefundisha Marekani, alizieleza hatua hizi katika kitabu chake cha mwaka 1947, na yeyote aliyekaa na watoto wetu atazitambua. Jambo la kuangalia liko kati ya miaka tisa na kumi na miwili. Katika umri huo mtoto anaanza kutaka picha yake ifanane na kitu chenyewe. Analinganisha, anaona haifanani, anaifuta hadi karatasi inatoboka. Kisha anasema maneno ambayo nimeyasikia katika kila kaunti niliyofanya kazi: "Mwalimu, mimi sijui kuchora."

Hajapoteza kipaji. Jicho lake limekua kuliko mkono wake, na anahitaji mbinu: jinsi ya kuona kuwa mdomo wa sufuria unaonekana kama yai unapoutazama kwa upande, jinsi ya kutia kivuli upande usiopata mwanga, jinsi ya kuanza na rangi ya manjano na kuongeza bluu kwa tone tone, maana ukianza na bluu utamaliza kopo zima la manjano kabla hujaona kijani unachotaka. Ni mambo ya dakika chache kila wiki. Badala yake, mwalimu anachora embe ubaoni na darasa zima linanakili embe hilo. Elimo Njau, mchoraji mzaliwa wa Marangu aliyeshiriki kuanzisha kituo cha sanaa cha Paa ya Paa jijini Nairobi mwaka 1965, alijulikana kwa kuupinga unakili huo. Embe la mwalimu bado linatawala.

Miaka tisa hadi kumi na miwili ni Gredi ya 4 hadi ya 6 hivi, wakati uleule wa mayowe ya filimbi. Huwezi kulaumu ratiba kwa hili, na ndiyo maana nawasihi wazazi na wakuu wa shule waipigie hesabu. Katika mgao wa masomo uliopunguzwa mwaka 2024, gredi tatu za chini zina vipindi 7 vya sanaa kwa wiki, kila kimoja dakika 30. Gredi ya 4 hadi 6 zina vipindi 6 vya dakika 35. Sekondari Msingi ina vipindi 5 vya dakika 40. Zidisha: dakika 210, dakika 210, dakika 200. Kwa hiyo muda haupungui sana mtoto anapopanda. Ni kweli kwamba humo ndani muziki, uchoraji na michezo vyote vimefungwa katika furushi moja, nalo ni jambo la kulalamikia. Lakini hata theluthi moja ya dakika hizo, zikitumiwa kweli, zingetosha kumtoa mtoto kwenye "sijui kuchora."

Hazitumiwi. Ingia darasani wakati ratiba inasema sanaa. Mara nyingi utakuta sehemu na desimali ubaoni. Tabia hii ina historia. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, muziki na sanaa vilikuwa ndani ya KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi. Ulikuwa mtihani wa kuchagua A, B, C au D, na mtu angeweza kupata alama zote bila kufungua mdomo kuimba, lakini somo lilifundishwa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 masomo ya mtihani yakapunguzwa hadi matano. Muziki na sanaa vikabaki kwenye ratiba, vikatoka kwenye mtihani. Nilikuwa mwalimu kijana wakati huo, na niliona kabati la ala katika shule moja likigeuzwa kuwa la madaftari ya hesabu kabla ya mwaka kwisha. Hakuna aliyetoa amri. Mwalimu mkuu alipimwa kwa alama, naye akapanga kabati lake kulingana na kipimo.

Mtaala wa umilisi ulioanza mwaka 2019 umeirudisha sanaa kwenye tathmini. Tangu mwaka 2022 watoto wa Gredi ya 6 wanaulizwa maswali ya sanaa katika karatasi moja na masomo ya jamii. Ni nafuu, ila mtoto bado anatia kivuli kwenye herufi akijibu bluu na manjano huzaa rangi gani. Nimekutana na wengi wanaolijua jibu na hawajawahi kulowesha brashi.

Wasomaji wengine hapa wataniuliza: na Tamasha la Muziki? Naam, Kenya ina tamasha la shule lililoanza mwaka 1927, na nimelitumikia kwa moyo wangu wote. Nimeona isukuti ya watoto wa Kakamega ikiinua ukumbi mzima, nimeona kijana akipiga nyatiti yenye nyuzi nane kana kwamba alizaliwa nayo mapajani. Lakini tamasha huchukua watoto arobaini katika shule ya watoto mia nane. Hao arobaini hufunzwa nyimbo mbili au tatu kwa miezi, pengine na mkufunzi wa kukodi kutoka nje, na shule ikibwagwa katika ngazi ya kaunti ndogo, ngoma hurudi stoo hadi mwaka ujao. Wale mia saba na sitini huimba wimbo wa taifa gwarideni, basi.

Na hata huo wimbo wa taifa ungetosha kuwa somo la muhula mzima katika Sekondari Msingi. Lahani yake ni ya wimbo wa Wapokomo wa kumbembeleza mtoto, tuliopewa na Mzee Meza Galana kutoka Tana River. Mwaka 1963 kamati ya wanamuziki watano, akiwemo Graham Hyslop, George Senoga-Zake na Washington Omondi, ikaichukua lahani hiyo na kuivisha maneno na sauti za kwaya. Mwanafunzi wa Gredi ya 8 anayeuliza jinsi bembelezo linavyogeuka kuwa wimbo wa kusimamia wima atajikuta amesoma mwendo, sauti nne, ala za matarumbeta na siasa za uhuru kwa pamoja. Inahitaji mwalimu anayejua kuliuliza swali hilo. Katika Sekondari Msingi nyingi nilizotembelea, sanaa imepewa mwalimu wa Kiswahili na Dini kwa sababu vipindi vyake vilikuwa vichache. Anafanya anachoweza: anasoma kitabu, wanafunzi wananakili maelezo.

Hicho ndicho kinachopandishwa kuelekea kidato kipya cha juu. Januari 2026 wanafunzi wa kwanza wa mtaala huu waliingia Gredi ya 10, Sekondari Pevu, wakiwa na njia tatu za kuchagua. Mojawapo ni Sanaa na Sayansi ya Michezo, ambayo serikali ilikadiria ingechukua asilimia 15 ya wanafunzi. Muziki na dansi, uigizaji na filamu, sanaa za uchoraji: yote yako hapo, tena kwa heshima sawa na fizikia. Miaka thelathini iliyopita ningetoa machozi kusikia hivyo.

Nilialikwa kutazama somo katika darasa moja kama hilo. Wanafunzi kumi na mmoja. Kijana wa mbele alikuwa na daftari safi lenye noti za krocheti, kweva na semikweva, zimechorwa kwa rula, tahajia zote sahihi. Nikamwomba apige makofi ya mstari mmoja aliouandika mwenyewe. Alitazama daftari, akanitazama mimi, akatazama tena daftari. Nyuma yake alikaa msichana ambaye wenzake walisema hupiga kinanda kanisani, na kila nilipoinua karatasi alikuwa akiangalia dirishani.

Mwalimu wao, kijana mwenye subira, aliniuliza kama nina lolote la kuongeza. Tukasukuma madawati ukutani. Tukaanza kutembea, kushoto, kulia, vijana wa miaka kumi na mitano wakicheka kwa aibu, wakitamka "chai", kisha "maandazi". Miguu ilikimbizana, ikatulia. Kisha nikaandika ubaoni noti nne zilizounganishwa kwa mistari miwili, nikamgeukia yule msichana.

Alisogea hadi karibu na ubao, akazigusa kwa kidole moja baada ya nyingine.

"Hii," akasema, "mimi huipiga kila Jumapili."