Maumivu makali ya hedhi: dawa za uzazi wa mpango ni tiba pia

Mjini Bunia, kama kwingineko katika eneo letu, msichana anayelia kwa maumivu ya hedhi mara nyingi huambiwa avumilie, akizaa yatakwisha. Lakini maumivu yanayomzuia kwenda shule au sokoni kila mwezi yanaweza kuwa dalili ya endometriosi. Shirika la Afya Duniani, OMS, linakadiria kuwa ugonjwa huu unawapata wanawake na wasichana milioni 190, karibu 10% ya walio katika umri wa kuzaa.

Hutokea pale tishu inayofanana na utando wa ndani wa mfuko wa uzazi inapoota nje yake: kwenye mirija, ovari, karibu na utumbo au kibofu. Tishu hiyo huchochewa na homoni ya estrojeni, ikaleta uvimbe, makovu na uchungu wa tumbo la chini, hata wakati wa tendo la ndoa au haja kubwa.

Mtangazaji wa Kenya Njambi Koikai, aliyefariki Juni 2024, alieleza hadharani jinsi alivyohangaika miaka mingi kabla ya kujua anaugua nini.

Daktari anaweza kuanza tiba kwa kufuata dalili, bila kusubiri upasuaji. Vidonge, sindano ya miezi 3, kijiti cha mkononi au kitanzi chenye homoni hupunguza hedhi au kuisimamisha, na maumivu hushuka. Ni dawa zile zile za uzazi wa mpango.

Hapo ndipo penye kikwazo. Msichana asiyeolewa akionekana nazo, hushukiwa uhuni. Mama huogopa zitaharibu kizazi cha bintiye. Ukweli ni kwamba zinazuia mimba zinapotumika tu. Zikiachwa, uwezo wa kushika mimba hurudi, ingawa baada ya sindano huchukua miezi kadhaa. Kinachoweza kuzuia uzazi ni ugonjwa wenyewe.

Hata hivyo, homoni haziponyi kabisa: zikiachwa, maumivu yanaweza kurudi. Anayetafuta mtoto anahitaji njia nyingine. Vidonge vyenye estrojeni havimfai mwenye shinikizo la damu au aliyewahi kuganda damu mishipani. Kwa hiyo visinunuliwe kiholela.

Andika siku za maumivu kwa miezi 2 au 3, kisha peleka daftari hilo kwa daktari.