KITUNISIA SI CHA MABLANKETI TU: TOBOA MATUNDU, UONE MAMBO!

Leo tuachane kidogo na habari za wachumba, tuongee mambo ya uzi. Najua kuna watakaoguna: "Kroshia? Si vile vitambaa vya makochi vya mama zetu?" Ndivyo hivyo hivyo, na usivicheke. Vimelipa ada za watoto wengi.

Lakini kuna kroshia ya kawaida, halafu kuna Kitunisia. Jina lisikupeleke Tunis: mshono huu ulivuma Ulaya karne ya 19, Marekani wakauita wa Kiafghani, na Thérèse de Dillmont aliuweka kwenye kitabu chake kikubwa cha kazi za mikono cha mwaka 1886. Sindano yake ni ndefu kama ya kufumia sweta, ila mbele ina ndoano na nyuma ina kizuizi vitanzi visichomoke. Unakwenda ukiokota vitanzi vyote vikae kwenye sindano, kisha unarudi ukivitoa kimoja kimoja. Kwenda na kurudi ndio mstari mmoja. Kazi huigeuzi, uso wake unakutazama mwanzo mpaka mwisho.

Ubaya wake, kitambaa kinatoka kizito, kimebanana kama mkeka, na kinapenda kujikunja. Kwa blanketi la baridi ya Ulaya, safi sana. Kwa joto la Dar mwezi wa Februari, nani atakivaa?

Na mimi nilikuwa na mteja. Dada mmoja wa mtaani kwetu alitaka mtandio wa kuvaa kwenye sendofu ya mdogo wake. Alileta madonge manne ya uzi wa pamba, rangi ya maziwa, akaniambia kabisa: "Mdogo wangu, uzi ndio huo, sina wa kuongeza." Malipo yake ndiyo yalikuwa kodi yangu ya chumba. Uzi ukikatikia njiani, kodi nayo imekatika. Si mchezo!

Basi kabla ya kugusa uzi wa mtu, nikachukua mabaki yangu ya pamba. Nikakata vipande vya urefu uleule, kila jaribio vitanzi 20, nione kipi kinafika mbali.

Jaribio la kwanza, nikaacha sindano ya milimita 5 nikashika ya milimita 8, mshono ule ule. Kitambaa kikalainika, kweli, ila matundu yenyewe hakuna. Hicho ni kitambaa kilicholegea, nakshi bado.

La pili, wakati wa kwenda. Kitanzi cha kwanza kiache pembeni. Pitisha ndoano chini ya nguzo mbili kwa pamoja, vuta kitanzi kimoja, halafu zungusha uzi mara moja kwenye sindano. Rudia mara 9, malizia na nguzo ya ukingoni. Ule uzi uliozungushwa ndio unafungua tundu, na ndio unarudisha kitanzi kilichomezwa. Ukiusahau, badala ya 20 unabaki na 11, na mtandio unageuka kuwa pembetatu!

La tatu, wakati wa kurudi. Toa kitanzi cha ukingoni peke yake. Fuma mnyororo mmoja, vuta uzi kupitia vitanzi vinne kwa mpigo, yaani vitatu vya kwenye sindano na kile unachofanyia kazi, kisha mnyororo mmoja tena. Rudia mara 6, kile cha mwisho ukifunge kama kawaida. Vinatokea vipepeo vidogo, bomba kweli! Ukienda tena, okota kitanzi kwenye kila mnyororo na kimoja kwenye kichwa cha kila kipepeo. Hesabu inarudi 20.

Yote mawili nikayalowesha, nikayanyoosha juu ya taulo na kuyabana kwa pini zisizoshika kutu mpaka yakakauka. Hapo ndipo matundu yalipofumbuka, na vyote viwili vilifika mbali kuliko kile cha sindano kubwa tupu.

Nikachagua la pili, kwa sababu hesabu yake naishika hata nikipiga soga. Baada ya kila mstari wa matundu nikaweka mmoja wa kawaida, kitambaa kisiyumbe. Nikafuma siku 9. Mtandio ukatimia, uzi uliobaki ukatosha pindo, na dada akalipa siku ileile.

Nyie wenzangu mliomaliza kidato cha nne mkawa mnasubiri kuitwa kazini, kumbukeni hili moja: tundu zuri haliji kwa kulegeza mkono. Kila kitanzi unachomeza, lazima ukilipe, na ulipe mstari uleule. Jaribu na mabaki kwanza, ndipo uguse uzi wa mteja.

Haya, tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda.