Wosia wa mwana aendaye chuoni na uandikwe

Wahenga walinena kuwa asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Methali hii husikika katika nyumba nyingi kila mwaka, vyuo vinapokaribia kuwapokea wanafunzi wapya. Sanduku limefungwa, godoro limekunjwa, na jamaa wamekusanyika kumuaga mwana aliyefuzu. Baba hunena, shangazi huongeza, mjomba hukazia, na jirani naye hakosi la kusema. Jiepushe na pombe. Chagua marafiki. Usisahau ulikotoka. Kijana huinamisha kichwa na kuitikia, ilhali moyo wake umekwisha kupanda gari.

Mimi ni mwalimu, tena ni mzazi. Sina ugomvi na maneno hayo, kwani yote ni ya kweli. Ninalolitilia shaka ni namna yanavyotolewa. Wosia unaomwagwa usiku mmoja na watu kumi haukai. Rai yangu ni kwamba mzazi aketi, ashike kalamu, auandike.

Jambo hili si geni katika fasihi yetu. Mnamo mwaka wa 1858, Mwana Kupona binti Mshamu, aliyekuwa mke wa mtawala wa Siyu katika kisiwa cha Pate, alimtungia bintiye Mwana Hashima utenzi wa beti 102. Alikuwa mgonjwa, na alitaka maneno yake yabaki hata yeye asipokuwapo. Walimu wa fasihi wanajua jinsi maagizo yake kuhusu mke na mume yanavyozua mjadala darasani. Binti anayekwenda kusomea uhandisi leo ana haki ya kuyapinga. Lakini na tukumbuke kuwa anaweza kuyapinga kwa sababu yaliandikwa. Yaliyosemwa tu usiku wa kuagana hayana wa kuyapima wala wa kuyarejelea.

Wazee wetu, hata wasio na elimu kubwa, walikuwa na desturi iliyowasaidia bila wao kukusudia. Kabla ya huduma ya M-Pesa kuanza mwaka wa 2007, mzazi wengi wao alituma karo na pesa za matumizi kwa hawala ya posta, na aghalabu bahasha hiyo ilibeba barua. Hali za nyumbani zilielezwa: mvua imekawia, ndama amekufa, nyanya anakusalimu. Siku hizi pesa hufika kwa sekunde chache, nazo hufika kimya. Mwana hujua kiasi alichopokea, asijue kimetoka wapi. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Kimya hicho kina gharama. Nimewahi kumwona mzazi aliyekodi matatu nzima kuwapeleka jamaa kwenye sherehe za mahafala, wakiwa na mashada na kitoweo, kisha jina la mwanawe likakosekana katika orodha ya wahitimu. Kijana yule alikuwa ameacha masomo kwa zaidi ya mwaka. Alianza kwa kufeli masomo mawili, akaona haya kusema. Pesa alizotumiwa kwa ajili ya mtihani wa marudio ya karo akaziingiza katika kamari ya simu, akitarajia kuzizidisha. Zilipoliwa, akakopa kwa simu. Hakuna aliyekuwa amemshauri aibe muda wala pesa. Tena alikuwa ameonywa dhidi ya kila anasa. Alichokosa ni kuambiwa afanye nini atakapoanguka. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Kwa hiyo wosia wa maandishi usiwe orodha ya makatazo. Binti yangu alipojiunga na chuo mwaka wa 2023, nilimwandikia kurasa mbili. Ukurasa wa kwanza ulikuwa wa hesabu: mshahara wangu ni huu, nduguzo wanahitaji hiki, nami nitaweza kukutumia kiasi hiki kila mwezi, si zaidi. Nilimweleza pia kuwa fedha za Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, HELB, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka wa 1995, si zawadi. Ni deni lenye riba, na atakayelilipa ni yeye. Sikutaja nilichouza ili asome, maana mtoto asibebeshwe jasho la mzazi kama mzigo wa hatia.

Ukurasa wa pili ulikuwa na jambo moja tu. Nilimwandikia hivi: "Ukifeli, ukiugua, ukidhulumiwa au ukiishiwa, niambie mimi kabla hujamwambia mtu mwingine. Nitakasirika siku moja, kisha tutatafuta njia." Katika muhula wa pili alinipigia simu jioni. "Mama, nimeanguka mtihani wa takwimu." Nilikasirika, kama nilivyoahidi. Kesho yake tulizungumza kuhusu mtihani wa marudio, na akaufanya. Siwezi kuapa kwamba barua ndiyo iliyomfungua kinywa, lakini aliniambia kuwa aliisoma tena kabla ya kupiga simu.

Yamkini msomaji atauliza: na mzazi asiyejua kuandika je? Amwite mwalimu au mtoto mwingine amwandikie, maneno yawe yake. Barua fupi ya lugha ya mama yenye makosa ya tahajia ina thamani kuliko hotuba ndefu ya mgeni wa heshima.

Walimu wenzangu nao wana sehemu yao. Kila mwaka tunawafunza watahiniwa barua ya kirafiki: anwani, mtajo, utangulizi, mwili, hitimisho. Wanaiandika kwa jamaa wa kubuni, tunaisahihisha kwa kalamu nyekundu, basi. Kwa nini katika muhula wa mwisho tusiwape zoezi la kumwandikia mzazi barua ya kweli, kila mmoja akieleza anachokiogopa kuhusu maisha ya chuoni? Barua hiyo isitiwe alama wala isisomwe darasani. Ipelekwe nyumbani, ijibiwe.

Nanyi wanafunzi, msingoje kuandikiwa tu. Mzazi asiyewahi kukanyaga chuo kikuu hajui muhula ni nini, wala kwa nini pesa za chakula huisha tarehe kumi. Mwelezeni. Wengi huonekana wakali kwa sababu wanaogopa mambo wasiyoyaelewa.

Sanduku la mwana lina nafasi ya blanketi, sufuria na vyeti. Karatasi mbili hazitalijaza. Mzazi aziweke chini ya nguo, azitaje kwa mwanawe wakati wa kuagana, kisha aache gari liondoke.