IMBWA IKILUMA MWENYE KUICHUNGA



Kila mutu amesikia habari ya Bobi, imbwa ya masomo yetu, ile inayolala na baba zamu karibu na mulango mukubwa. Bobi haikuluma mwizi. Ililuma mwanafunzi wa mwaka wa pili, yule anayeipa bukari kila mangaribi. Tangu siku ile maneno yalikuwa mengi ndani ya internati. Wengine walisema iuawe, wengine ya kwamba imelogwa. Sisi makapita tulipenda kuandika mambo tuliyojifunza, kwani imbwa ziko karibu katika kila lupango hapa Kolwezi, kule Manika, Dilala mpaka Luilu.

JAMBO LA KWANZA: KIDONDA MBELE YA IMBWA

Mwanafunzi yule alificha mukono ndani ya triko siku mbili. Tulipomuuliza alilia: « Yaya, hapana kusema kwa baba Prefe, wataua Bobi. » Alihurumia imbwa, lakini alijitia katika hatari kubwa, sababu ya ugonjwa wa raje, ndio kichaa cha imbwa.

Ugonjwa huu unapita kwa mate ya nyama mugonjwa. Virusi inaingia kwa kidonda, inafuata mishipa ya fahamu pole pole mpaka ubongo. Kwa kawaida inachukua miezi miwili ao mitatu, mara nyingine juma moja tu, mara nyingine mwaka muzima. Mutu akianza kuogopa maji na kushindwa kumeza, dawa ya kumuponya hakuna. Karibu wote wanakufa. Lakini mbele ya alama hizo, chanjo inaweza kumuokoa. Tarehe 6 Julai 1885, kule Paris, Louis Pasteur alianza kumuchanja Joseph Meister, mutoto wa miaka 9 aliyelumwa na imbwa, naye akaishi. Hata hivyo Shirika la Afya la Dunia linahesabu watu karibu 59.000 wanaokufa kila mwaka, wengi katika Afrika na Asia, na kati ya watu 10, karibu 4 ni watoto. Wengi wao walichelewa ao hawakupata chanjo.

Basi ukilumwa, hata kama ni imbwa yako mwenyewe, hata kama alama ni ndogo:

1. Osha kidonda palepale kwa sabuni na maji mengi yanayopita, dakika 15. Tazama saa, kwani dakika 15 ni nyingi kuliko unavyofikiri.
2. Hapana kutia makala, pilipili wala mafuta.
3. Ambia mukubwa, na siku ile ile uende kwa munganga. Yeye atasema kama sindano zinaanza. Zikianza, fuata siku zote anazokuandikia.

JAMBO LA PILI: HAPANA KUUA KWA HASIRA

Vijana walikuwa wamekwisha kuokota majiwe. Baba zamu aliwazuia, na alikuwa na haki. Imbwa iliyoluma inafungiwa mahali pa salama, inapewa chakula na maji, inaangaliwa siku 10. Kama ilikuwa na raje ndani ya mate siku ile ya kuluma, itaonyesha ugonjwa na kufa mbele ya siku hizo kwisha. Kama ingali nzima, munganga anaweza kusimamisha sindano. Lakini imbwa iliyouawa na kutupwa ndani ya shimo haiwezi kutuonyesha kitu. Hapana kungoja siku 10 zipite ndipo uende kwa munganga. Mambo haya mawili yanakwenda pamoja.

Alama za kuogopesha ni hizi: imbwa inabadilika tabia, inaluma miti na mawe, mate yanatiririka, sauti inageuka, taya inalegea, miguu inayumba. Ukiona hivyo hapana kukaribia, ita wakubwa.

JAMBO LA TATU: TAFUTA SABABU

Siku 10 zilipita, Bobi ingali inakula vizuri. Ndipo bwana veterineri alikuja kuipima. Chini ya manyoya ya shingo alikuta kamba nyembamba iliyofungwa zamani. Shingo ilikomaa, kamba ikabaki, ikakata nyama mpaka usaha. Kila mara mutoto yule aliposhika shingo ili aifunge, aligusa kidonda.

Na nani alifunga kamba ile? Ni sisi makapita, mwaka uliopita, Bobi ingali ndogo, tulipoambiwa kuifunga muchana. Tuliifunga, hatukuangalia tena. Tunaandika hili bila kujificha, kwani tulikuwa wa kwanza kusema imbwa hii ni mubaya.

Imbwa nyingi zinazoluma mwenyewe ziko na sababu ya namna hiyo: maumivu; kuguswa wakati wa kula ao kulala; kulinda watoto wake; kufungwa siku nzima; kuchokozwa kwa fimbo. Kwanza inaonya: inakaza mwili, inageuza macho, inanguruma, inaonyesha meno. Ukiona hivyo, simama, rudi nyuma pole pole, hapana kukimbia. Tena usiipige kwa sababu imenguruma. Imbwa iliyozoea kupigwa kwa kunguruma, siku moja italuma bila kuonya. Kama inaendelea kuluma, itengwe na watoto, na veterineri atoe shauri. Someni pia Mithali 12, mustari wa 10.

Mwisho, Bobi sasa iko na mukaba mupana shingoni, na ilichanjwa. Kila Siku ya Mungu kapita mumoja anapitisha vidole viwili chini ya mukaba ule, visipopita, unalegezwa. Nyumbani kwenu, mukisikia tangazo la chanjo ya imbwa, mupeleke zenu. Na mwanafunzi yeyote atakayelumwa aje kwetu, hata usiku. Hatutaandika jina lake ndani ya daftari ya azabu.

Makapita wa mwaka wa sita