Miche ya Mikunde Baina ya Ukame na Chumvi: Mipaka ya Mbegu Zinazostahimili Ukame

Mimea ya jamii ya mikunde, hususan maharage na kunde, huwa dhaifu zaidi katika majuma machache baada ya kuota. Mizizi ya mche bado ni mifupi, nayo imo katika tabaka la juu la udongo, ambalo hukauka mapema na hukusanya chumvi maji yanapovukizwa na jua. Makala haya yanafafanua jinsi miche hiyo inavyokabiliana na hali hizo mbili.

Mwanzoni, ukame na chumvi huleta athari inayofanana. Katika udongo mkavu maji ni haba. Katika udongo wa chumvi maji yapo, lakini mizizi huyafyonza kwa taabu. Kwa hali zote mbili mche hufunga vitundu vya majani, hupunguza ukuaji wa majani, na hulimbikiza prolini na sukari ndani ya seli ili uendelee kuvuta maji.

Tofauti hujitokeza baadaye. Sodiamu na kloridi hupanda polepole hadi majanini na kuwa sumu. Hapo kufunga vitundu hakutoshi: mche hulazimika kuizuia sodiamu mizizini na shinani, kuitenga ndani ya vakuoli, na kulinda kiwango chake cha potasiamu. Aidha, chumvi hudhoofisha uundaji wa vinundu vya mizizi, na hivyo kuunyima mche naitrojeni.

Spishi nazo hutofautiana. Mwongozo wa FAO wa mwaka 1985 kuhusu ubora wa maji ya kilimo unaonyesha kuwa mavuno ya maharage huanza kupungua chumvi ya udongo inapozidi desisimensi 1.0 kwa mita, ilhali kunde huhimili hadi 4.9. Hata hivyo, viwango hivyo hupima mavuno, wala si uhai wa mche katika siku zake za mwanzo.

Jambo hili lina uzito kisera. Umwagiliaji ni jibu la kawaida kwa ukame, lakini usipoambatana na mifereji ya kutolea maji huweza kuongeza chumvi shambani. Mkulima aliyepewa mbegu ya kustahimili ukame hujikuta akikabili tatizo ambalo mbegu hiyo haikujaribiwa kwalo. Kwa hiyo, mbegu zinazokusudiwa kwa skimu za umwagiliaji zijaribiwe kwa hali zote mbili, tangu hatua ya mche, na chumvi ya udongo ipimwe kabla ya mbegu kusambazwa.