Uzi: Mama akiwa kazini, watoto wako na nani?

Kila mdahalo lazima mtu aseme "tutainua akina mama." Sawa, lakini mwenye watoto watatu wadogo, na kazini anaingia saa mbili asubuhi, anawaacha na nani?

Sheria ya Ajira ya 2007 inampa likizo ya uzazi ya miezi 3 yenye mshahara. Baba, wiki 2. Halafu? Yaya, nyanya, ama jirani. Mama mboga hana mwajiri, hata hiyo likizo haimfikii.

Sasa hapa ndipo wengi hupigwa chenga. Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, imeweka vituo vya kulea watoto chini ya kaunti, pamoja na chekechea. Kwa hivyo mgombea ugavana akikwambia hiyo ni kazi ya serikali kuu, muulize: kwa bajeti yako vituo vimetengewa pesa ngapi?